Jinsi Chembe Nyeupe za Damu Zinavyoukinga Mwili Dhidi ya Kuvu

Kipande cha mkate kikiachwa siku chache mahali penye unyevu huota ukungu. Mwanzo huonekana madoa madogo meupe au ya kijani. Kisha madoa hayo huenea, huungana, na mwishowe mkate wote hugeuka kuwa kitu kisichofaa kuliwa. Ukungu huo hautoki katika mkate wenyewe. Hutoka hewani, ambamo huelea spora, yaani mbegu ndogo mno za viumbe viitwavyo kuvu, au fangasi kama wanavyoviita watu wengi.

Spora za namna hiyo huingia puani na mapafuni mwa kila mtu avutapo pumzi. Inakadiriwa kwamba binadamu huvuta mamia ya spora za kuvu iitwayo aspajilasi kila siku. Mapafu yana joto, yana unyevu na yana chakula tele. Kwa mtazamo huo, yangekuwa shamba zuri kuliko mkate. Hata hivyo mwalimu na wanafunzi walioko darasani wamezivuta spora hizo tangu asubuhi, na mapafu yao hayakuota ukungu. Kwa nini?

Jibu fupi ni kwamba mkate hauna walinzi, bali pafu lina walinzi. Walinzi hao ni chembe nyeupe za damu. Tena si wa aina moja: kila aina ina zamu yake na mlango wake, na ile inayolinda mlango mmoja haiwezi sikuzote kulinda mwingine. Makala haya yanaeleza kazi ya kila aina, na yanaonyesha pia jinsi wataalamu walivyoigundua kazi hiyo. Mara nyingi njia ilikuwa moja: kumtazama mgonjwa aliyepungukiwa na mlinzi fulani, kisha kuchunguza ni kuvu gani iliyopata nafasi ya kuingia.

KUVU NI VIUMBE VYA NAMNA GANI?

Kuvu si mimea, kwa kuwa hazijitengenezei chakula kwa nuru ya jua. Si wanyama, ijapokuwa kwa nasaba ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Uyoga ni kuvu. Hamira inayoumua unga ni kuvu. Choa cha kichwani na vidonda vyeupe vya katikati ya vidole vya miguu husababishwa na kuvu. Baadhi yake huishi zikiwa seli moja moja za mviringo, kama hamira. Nyingine hukua kama nyuzi ndefu zinazojitanda na kupenya ndani ya kile zinachokila. Ziko pia zinazoweza kubadilika kutoka umbo moja hadi jingine, na uwezo huo, kama itakavyoonekana, ni silaha yao kubwa.

Kila seli ya kuvu imezungukwa na ukuta mgumu. Ukuta huo umejengwa kwa kitini, ambayo ni dutu ileile iliyomo katika gamba la kaa na la panzi, pamoja na sukari nyingi zilizoungana ziitwazo glukani. Mwili wa binadamu hautengenezi kuta za namna hiyo. Kwa hiyo glukani ikionekana ndani ya mwili ni sawa na alama ya kwato za mnyama wa mwituni katika ua wa nyumba: ni dalili kwamba mgeni ameingia.

Wataalamu wamekwisha kuzipa majina zaidi ya aina 100,000 za kuvu, lakini ni mia chache tu zinazojulikana kumdhuru binadamu. Sababu mojawapo ni joto. Kuvu nyingi hustawi katika joto la kati ya nyuzi 12 na 30 za Selsiasi, na hudhoofika zikifikishwa kwenye nyuzi 37, ambazo ndizo joto la kawaida la mwili. Sababu ya pili ni ngozi, ambayo tabaka lake la juu ni kavu na hubanduka daima. Sababu ya tatu ni ute wa njia ya hewa, ambao hunasa spora na kuzisukuma nje. Vizuizi hivyo vitatu huzima hatari nyingi kabla chembe nyeupe hazijahitajika. Zile kuvu chache zinazostahimili joto na kuvuka ngozi au ute ndizo zinazokutana na walinzi wa damu.

MWANZO WA ELIMU HII

Mtu wa kwanza kueleza kwa ushahidi kwamba chembe za mwili hupigana na kuvu alikuwa Elie Metchnikoff, mwanazuolojia aliyezaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, mji ulioko Ukraine. Mwaka 1882 alikuwa Messina, katika kisiwa cha Sicily, akichunguza viluwiluwi vya kiti cha pweza. Viluwiluwi hivyo vina mwili unaopenywa na nuru, hata mtazamaji akitumia hadubini huweza kuona seli zikitembea ndani yake. Metchnikoff aliingiza vijiba vidogo vya mwaridi chini ya ngozi ya viluwiluwi hao. Asubuhi iliyofuata aliona kwamba seli nyingi zenye kutembea zilikuwa zimekizunguka kila kijiba. Hapo akafikiri kwamba huenda seli hizo zina kazi ya kumlinda kiumbe.

Mwiba, hata hivyo, si ugonjwa. Ushahidi wa ugonjwa wenyewe aliuchapisha mwaka 1884, na ulihusu kuvu. Metchnikoff alimchunguza dafinia, mdudu mdogo wa maji baridi ambaye naye mwili wake hupenywa na nuru. Dafinia humeza spora za aina fulani ya kuvu zilizo nyembamba na kali kama sindano. Spora hizo hutoboa ukuta wa utumbo na kujitokeza katika nafasi ya mwili. Metchnikoff aliona seli za dafinia zikiizunguka kila spora, zikiimeza na kuivunjavunja. Pale seli ziliposhinda, dafinia aliishi. Pale spora zilipokuwa nyingi mno, au zilipowahi kuchipua, kuvu ilienea mwili mzima na dafinia akafa.

Seli hizo akaziita fagosaiti, yaani seli zenye kula. Wataalamu wengi wa wakati huo hawakukubali. Waliamini kwamba kinga imo katika maji ya damu, si katika seli zake. Mabishano hayo yalidumu miaka mingi, na mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa kwa pamoja Metchnikoff, mtetezi wa seli, na Paul Ehrlich wa Ujerumani, mtetezi wa maji ya damu. Ilikuja kudhihirika kwamba wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini kwa upande wa kuvu, seli ndizo zenye kubeba sehemu kubwa ya mzigo.

MLINZI WA KWANZA: MAKROFAJI WA MAPAFUNI

Hebu sasa msomaji aifuate spora moja ya aspajilasi. Upana wake ni kiasi cha sehemu mbili au tatu za elfu moja ya milimita. Kwa udogo huo huweza kuuponyoka ute na kufika katika vifuko vya mwisho vya mapafu, ambamo hewa hukutana na damu.

Humo hukaa makrofaji, seli kubwa zenye kula, ambazo kazi yake ni kusafisha vifuko hivyo. Spora ikiwa kavu imefunikwa kwa ganda la protini linaloificha glukani iliyo chini yake. Kwa sababu hiyo mwili haushtuki. Makrofaji huiokota spora kama inavyookota vumbi, na kazi huisha kimyakimya. Hili ni jambo la manufaa, kwa maana kama mapafu yangevimba kwa kila spora, hakuna mtu ambaye angeweza kupumua.

Lakini spora ikikaa katika unyevu na joto huanza kuvimba ili ichipue, na hapo ganda lake hupasuka. Glukani hujitokeza nje. Juu ya makrofaji na chembe nyingine nyeupe kuna vipokezi, yaani molekuli zinazoshikana na alama maalumu jinsi kufuli inavyopokea ufunguo wake. Mwaka 2001 Gordon Brown na Siamon Gordon, waliokuwa Chuo Kikuu cha Oxford, waliripoti kwamba kipokezi kiitwacho dektini-1 ndicho kinachoitambua glukani ya kuvu. Dektini-1 ikishika glukani, makrofaji hufanya mambo mawili: huimeza kuvu kwa nguvu zaidi, na hutoa kemikali za kuita msaada. Mlinzi wa zamu amepiga kengele.

ASKARI WA MBIO: NYUTROFILI

Wanaoitika wito huo kwanza ni nyutrofili. Milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima ina chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi, ikilinganishwa na chembe nyekundu zipatazo milioni 5. Kwa kawaida nyutrofili ndizo zilizo nyingi kuliko chembe nyeupe za aina nyingine. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa, kiasi cha bilioni 100 kila siku, na hukaa katika damu kwa saa chache tu kabla ya kwenda kufa au kupigana. Usaha unaotoka katika jipu ni mizoga ya nyutrofili kwa sehemu kubwa.

Hapa yafaa kutaja jambo linalowahusu Waafrika wengi. Viwango vya nyutrofili vilivyoandikwa katika vitabu vingi vilipatikana kwa kupima watu wa Ulaya. Watu wengi wenye asili ya Afrika, na baadhi ya watu wa Mashariki ya Kati, wana nyutrofili chache zaidi katika damu bila ya kuwa wagonjwa. Hali hii ni ya urithi. Inatokana na badiliko la jeni lilelile linalowakinga Waafrika wengi dhidi ya malaria ya aina ya vivaksi. Nyutrofili zao hufanya kazi sawasawa, na hawapati maradhi zaidi ya wengine. Kwa hiyo tarakimu iliyo chini kidogo ya ile ya kitabuni si lazima iwe dalili ya kinga dhaifu.

Nyutrofili inapopata wito hupunguza mwendo, hujiviringisha juu ya ukuta wa mshipa wa damu, kisha hujibana na kupenya kati ya seli za ukuta huo. Hufuata kemikali za wito kama fisi anavyofuata harufu. Ikiikuta seli ya kuvu huizungushia mwili wake na kuimeza, hata kuvu ikajikuta imefungiwa katika kifuko.

Kumeza si kuua. Mauaji hufanyika ndani ya kifuko, na huanza kwa oksijeni. Kimeng'enya maalumu cha nyutrofili huichukua oksijeni na kuigeuza kuwa maumbo makali, ikiwamo haidrojeni peroksidi, ambayo ni dawa ileile iliyozoeleka kusafishia vidonda. Kimeng'enya kingine huiunganisha peroksidi hiyo na kloridi kutoka katika chumvi ya mwili, na kutengeneza kemikali ya jamii ya zile zinazotumiwa kufulia na kung'arisha nguo nyeupe. Wakati huohuo vifuko vingine humwaga ndani vimeng'enya vinavyosaga protini. Seli ya kuvu huungua na kusagwa kwa pamoja.

Umuhimu wa moto huo wa kikemia ulidhihirishwa na watoto wenye ugonjwa wa urithi uliotambuliwa katika miaka ya 1950. Watoto hao waliugua mara kwa mara, wakapata majipu na uvimbe mapafuni. Nyutrofili zao zilipotazamwa zilikuwa nyingi vya kutosha, zilitembea vizuri na zilimeza vijidudu kama kawaida. Katika miaka ya 1960 kasoro ikagunduliwa: zilimeza lakini hazikuua, kwa sababu hazikuweza kuigeuza oksijeni. Aspajilasi, kuvu ambayo watu wengine huivuta kila siku bila kudhurika, ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hao.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kadiri nyutrofili za mgonjwa zinavyopungua, na kadiri zinavyokawia kurudi, ndivyo hatari ya maambukizo inavyokuwa kubwa. Hatari huwa kubwa hasa zikishuka chini ya 500 katika milimita moja ya ujazo, kama inavyoweza kutokea mgonjwa anapopewa dawa kali za saratani. Wagonjwa wa namna hiyo ndio ambao aspajilasi huota mapafuni mwao kama inavyoota katika mkate.

NYAVU DHIDI YA NYUZI

Liko tatizo ambalo kumeza peke yake hakuwezi kulitatua. Kandida, kuvu iishiyo kinywani na tumboni mwa watu wengi wenye afya, huweza kuacha umbo la hamira na kukua kuwa uzi mrefu kuliko nyutrofili yenyewe. Seli haiwezi kumeza kitu kirefu kuliko mwili wake, kama chatu asivyoweza kumeza mnazi.

Mwaka 2004 watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Berlin walieleza jambo lililowashangaza wengi. Nyutrofili huweza kujipasua na kutoa nje uzi wake wa urithi, yaani DNA, ukiwa umejaa vimeng'enya na protini zenye sumu kwa vijidudu. DNA hiyo hutanda kama wavu wa mvuvi. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba nyavu hizo hunasa na kuua kandida, iwe katika umbo la hamira au la uzi. Baadaye ilithibitika kwamba nyutrofili hupima ukubwa wa adui: adui mdogo humezwa, adui mkubwa asiyemezeka hutupiwa wavu. Nyutrofili inayotupa wavu kwa njia hiyo hufa. Aidha nyavu huweza kuumiza viungo vya mwili wenyewe, na ndiyo sababu hazitumiki ovyo.

MAKAMANDA: LIMFOSAITI

Makrofaji na nyutrofili hupigana bila kungoja mafunzo. Liko kundi jingine la chembe nyeupe, yaani limfosaiti, ambazo hujifunza kumtambua kila adui kwa sura yake. Baadhi yake hutengeneza kingamwili. Nyingine, ziitwazo seli saidizi au seli za CD4, haziui kuvu kwa mkono wake bali hutoa amri kwa wengine.

Dunia ilifundishwa thamani ya seli saidizi kwa gharama kubwa. Mwezi Juni 1981 taarifa ya idara ya afya ya Marekani ilieleza habari za vijana watano wa Los Angeles waliopata homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Iliyosababisha homa hiyo ilikuwa nyumosistisi, ambayo wakati huo ilidhaniwa kuwa mnyama wa seli moja. Mwaka 1988 uchunguzi wa chembe zake za urithi ulionyesha kwamba ni kuvu. Wote watano walikuwa pia na kandida. Hiyo ndiyo iliyokuwa taarifa ya kwanza ya kitaalamu kuhusu ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI. Virusi vya UKIMWI huziua seli za CD4. Kwa hiyo kuvu ndizo zilizokuwa miongoni mwa za kwanza kutangaza kwamba kamanda ameuawa.

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo moja la kuzingatiwa sana. Mgonjwa wa UKIMWI aghalabu hupata utando mweupe wa kandida mdomoni na kooni, lakini ni nadra kandida hiyo kuingia katika damu yake. Mgonjwa aliyepoteza nyutrofili ndiye anayepata kandida ndani ya damu. Sababu ni mgawanyo wa kazi. Baadhi ya seli saidizi hutoa kemikali iitwayo intalukini-17, ambayo huziamuru seli za utando wa kinywa kutengeneza dawa zake zenyewe za kuua kuvu. Damu na viungo vya ndani hulindwa zaidi na nyutrofili. Mlango tofauti, mlinzi tofauti.

Mfano mwingine, na wenye uzito zaidi kwa Afrika, ni kriptokokasi. Kuvu hii hupatikana katika udongo, katika miti na katika kinyesi cha njiwa. Seli yake imevaa koti nene la sukari linalozuia chembe nyeupe zisiishike. Mtaalamu wa maabara akiichanganya na wino mweusi chini ya hadubini, koti hilo huonekana kama duara jeupe linalong'aa kuizunguka seli. Tena, makrofaji ikifaulu kuimeza, kriptokokasi huweza kuishi ndani ya tumbo la mlaji wake na hata kuzaliana humo.

Makrofaji peke yake, basi, haitoshi. Seli saidizi zinapofika hutoa kemikali iitwayo intaferoni-gama, nayo huiamsha makrofaji na kuipa ukali wa kuua iliyokwisha kuimeza. Wahenga walisema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga waliyoitaja ni kijinga cha moto, lakini maneno hayo yanafaa vilevile kwa kinga ya mwili: kijinga kimoja hufuka moshi tu, viwili vikikutana huwaka. Seli za CD4 zikipungua sana, kriptokokasi hutoka mapafuni, husafiri katika damu na kuingia katika utando wa ubongo. Hapo husababisha homa ya uti wa mgongo ambayo huua isipotibiwa. Kwa makadirio ya mwaka 2020, homa hiyo iliwapata watu wenye virusi vya UKIMWI wapatao 152,000 duniani, nao 112,000 kati yao wakafa, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara.

Elimu hii ya mgawanyo wa kazi imekwisha kuokoa maisha. Vipande vya koti la kriptokokasi huonekana katika damu majuma kadhaa kabla ubongo haujaugua, na kipimo rahisi huweza kuvigundua. Watafiti wa Dar es Salaam na Lusaka waliwafuatilia watu 1,999 wenye seli za CD4 chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo, waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa kriptokokasi, wakatibiwa mapema walioonekana kuwa nayo, tena wakatembelewa nyumbani katika majuma ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miezi 12 waliofariki walikuwa asilimia 18 katika kundi la kwanza na asilimia 13 katika kundi la pili.

BINADAMU ANAPOWAFUKUZA WALINZI WAKE

Kinga haiharibiwi na virusi na saratani tu. Mara nyingine huharibiwa kwa mikono ya watu wenyewe.

Mfano wa karibu ni choa. Mtu akiona duara la mwasho shavuni mwake huenda dukani akanunua krimu yoyote. Krimu nyingi za ngozi, zikiwamo baadhi ya zile za kujichubua, zina dawa za jamii ya steroidi. Steroidi huzuia chembe nyeupe zisikusanyike. Kwa hiyo wekundu hufifia na mwasho hupoa. Mgonjwa hufurahi akidhani amepona. Kumbe adui hakuguswa. Aliyeondolewa ni mlinzi. Baada ya majuma machache choa huenea na kuchukua sura ambayo hata mganga hutatizika kuitambua.

Kisukari nacho hudhoofisha nyutrofili: sukari ikizidi katika damu, mwendo wake na ukali wake hupungua. Mwaka 2021, wakati wa wimbi kubwa la UVIKO-19 nchini India, maelfu ya wagonjwa walishikwa na maradhi yaliyopewa jina la kuvu nyeusi, ambayo hula pua, macho na hata ubongo. Wengi wao walikuwa na kisukari, na wengi walikuwa wamepewa steroidi. Mambo hayo mawili yalipoungana, mlango ulibaki wazi. Steroidi yenyewe ni dawa yenye manufaa makubwa ikitumiwa kwa kipimo na kwa ushauri wa daktari. Madhara hutokana na kuitumia pasipo haja au kupita kiasi.

DAWA HAZITOSHI PEKE YAKE

Huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini pasitumiwe dawa tu? Penisilini, ambayo kwa hakika ilipatikana katika kuvu mwaka 1928, huua bakteria kwa kuharibu ukuta wake, na seli ya binadamu haina ukuta huo. Kuvu hazina udhaifu mwingi wa namna hiyo. Seli yake ina kiini na viungo vinavyofanana sana na vya seli ya binadamu, hata dawa inayoidhuru kuvu huelekea kumdhuru mgonjwa pia. Ndiyo maana aina za dawa za kuvu ni chache kuliko za bakteria, na baadhi ya kuvu zimekwisha kuwa sugu. Chanjo ya kumkinga binadamu dhidi ya kuvu haijaidhinishwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji utafiti wa haraka. Kriptokokasi, aspajilasi na kandida zimo katika daraja la juu kabisa la orodha hiyo.

Hata pale dawa inapofaa, kwa kawaida hupunguza adui na kumdhoofisha, lakini wanaomaliza kazi ni chembe nyeupe. Daktari anayemtibu mgonjwa wa kuvu za ndani ya mwili hujiuliza maswali mawili: ni kuvu gani hii, na ni mlinzi gani aliyekosekana? Swali la pili lisipopata jibu, ugonjwa aghalabu hurudi. Utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima, choa kisichopona, au kikohozi cha muda mrefu si mambo ya kuonea aibu wala ya kuficha kwa krimu ya dukani. Huenda ni habari inayoletwa na mwili kwamba mahali fulani lindo limeachwa tupu, na habari hiyo ikipelekwa hospitali mapema huweza kuokoa maisha.

MASWALI NA ZOEZI LA DARASANI

1. Tia vipande vitatu vya mkate vyenye unyevu katika mifuko mitatu ya plastiki inayopenywa na nuru, uifunge vizuri. Kimoja kiweke katika jokofu, cha pili mahali penye joto la kawaida, cha tatu juani. Chora unachokiona kila siku kwa muda wa juma moja, kisha eleza athari ya joto. Mifuko isifunguliwe, itupwe ikiwa imefungwa.

2. Mgonjwa wa kwanza ana nyutrofili 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, na seli za CD4 za kutosha. Mgonjwa wa pili ana nyutrofili 3,000 na seli za CD4 zipatazo 50. Ni kuvu zipi zinazomtisha kila mmoja, na kwa sababu gani?

3. Metchnikoff alichagua dafinia na kiluwiluwi cha kiti cha pweza. Eleza kwa nini uchaguzi huo ulikuwa wa busara, na utaje jambo moja ambalo asingeliona kama angemchunguza sungura.

4. Nyutrofili inayotupa wavu hufa. Je, ni faida au hasara kwa mwili? Toa hoja za pande zote mbili.